John Walker: Muuza duka wa Kilmarnock aliyeipa wiski jina la kuaminika

KILA mwaka unapokaribia ukingoni, rafu za pombe kali katika maduka makubwa ya mijini, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hupambwa kwa chupa za wiski ya Uskoti zilizofungwa katika maboksi ya kuvutia. Mbele ya rafu hizo husimama wanunuzi wanaojiuliza ni chupa ipi itamfaa mkuu wa kazi, baba mkwe au rafiki wa siku nyingi.

Mnunuzi wa zawadi ya namna hiyo huwa katika mtihani. Anatoa fedha nyingi kwa kitu ambacho hawezi kukifungua na kukionja kabla ya kukikabidhi. Ikiwa kilichomo ni kibaya, aibu ni yake. Hana cha kutegemea isipokuwa jina lililoandikwa kwenye lebo.

Miongoni mwa majina hayo hakuna linalofahamika zaidi duniani kuliko la Johnnie Walker, na mchoro wake wa bwana mwenye kofia ndefu na fimbo anayetembea kwa hatua za madaha. Wengi humdhania kuwa alikuwa tajiri aliyemiliki viwanda vikubwa vya wiski.

Ukweli ni tofauti kabisa. John Walker hakuwahi kumiliki kiwanda cha kukeneka wiski hata siku moja katika uhai wake. Alikuwa muuza duka la vyakula katika mji mdogo, na aliaga dunia nusu karne kabla ya mchoro huo kuchorwa.

Yatima wa shambani

Walker alizaliwa Julai 25, 1805 katika shamba lililoitwa Todriggs, karibu na mji wa Kilmarnock, katika jimbo la Ayrshire, kusini magharibi mwa Uskoti. Ni katika mji huo ambako kitabu cha kwanza cha mashairi ya Robert Burns kilichapwa mwaka 1786. Burns ndiye mshairi ambaye wimbo wake huimbwa hadi leo katika nchi nyingi saa sita ya usiku wa kuamkia mwaka mpya.

Kama hali ingebaki ilivyokuwa, kijana huyo angekuwa mkulima kama baba yake, Alexander Walker. Lakini mwaka 1819 baba huyo alifariki dunia, akamwacha John akiwa na umri wa miaka 14 tu, umri ambao haukumruhusu kuliendesha shamba peke yake.

Wasimamizi wa mirathi waliamua kuuza mali ya shamba. Kiasi cha pauni 417 kilitumika kumfungulia kijana huyo duka katika mtaa wa High Street, mjini Kilmarnock, mwaka 1820. Huo ulikuwa uamuzi wa hatari, kwani urithi wote wa familia uliwekwa mikononi mwa mtoto ambaye hakuwa na uzoefu wa biashara. Iwapo duka lingefilisika, pasingekuwa na shamba la kurudia.

Duka hilo liliuza vyakula vya nyumbani, chai, viungo, mvinyo na pombe kali. Wiski ilikuwa bidhaa moja tu miongoni mwa nyingi, sambamba na ramu, brandi na jini.

Wiski isiyotabirika

Ili kuelewa kilichomtofautisha Walker, yafaa kukumbuka hali ya wiski katika zama hizo. Sehemu kubwa ya wiski iliyonywewa Uskoti mwanzoni mwa karne ya 19 ilikenekwa kwa siri mabondeni na milimani, mbali na macho ya maofisa wa ushuru, mithili ya gongo au chang'aa katika nchi zetu.

Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopunguza ushuru na kuwawezesha wenye mitambo kupata leseni kwa pauni 10 kwa mwaka. Kuanzia hapo viwanda halali viliongezeka, na wauza maduka wakapata mahali pa kununua wiski bila kuogopa mkono wa sheria.

Hata hivyo, tatizo moja lilibaki. Wiski ya kimea cha shayiri haikuwa na ladha moja. Pipa la mwezi huu liliweza kuwa laini na tamu, na pipa la mwezi ujao kutoka kiwanda kile kile likawa kali na lenye moshi mwingi. Zaidi ya hayo, wiski haikuuzwa katika chupa zilizofungwa kiwandani. Ilichotwa kutoka kwenye pipa la muuza duka na kumiminwa katika mtungi wa mteja.

Katika mazingira hayo, wauzaji wasio waaminifu walikuwa na nafasi kubwa ya kuongeza maji au vitu vingine. Mteja alilazimika kumwamini mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Hapo ndipo sifa ya muuza duka ilipokuwa mtaji wake mkubwa kuliko bidhaa zenyewe.

Walker alijenga sifa hiyo kwa kuchagua mapipa kwa uangalifu na kuwachanganyia wateja wake wiski ili wapate ladha waliyoizoea kila walipokuja. Wiski yake ikajulikana kwa jina la mji wake.

Zawadi ya mwaka mpya

Umuhimu wa uaminifu huo huonekana zaidi mtu anapotazama desturi za Waskoti wa wakati huo. Kwa karne kadhaa Kanisa la Uskoti halikuipa Krismasi uzito, na siku hiyo haikuwa sikukuu ya mapumziko ya umma nchini humo hadi mwaka 1958. Furaha yote ya mwisho wa mwaka ilielekezwa katika mkesha wa mwaka mpya, unaoitwa Hogmanay.

Kwa mujibu wa desturi za mkesha huo, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba baada ya saa sita ya usiku ndiye huleta bahati ya mwaka mzima. Inapendelewa awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, na ni mwiko aingie mikono mitupu. Huleta kipande cha makaa ili nyumba isikose moto, mkate au keki ili isikose chakula, na wiski ili isikose furaha.

Kwa hiyo wiski ya zawadi haikuwa anasa tu, bali ilikuwa dua ya heri inayobebwa mkononi. Mtu aliyekwenda kugonga mlango wa jirani akiwa na wiski mbovu alionekana kuwa amepeleka nuksi. Katika jamii ya namna hiyo, muuza duka ambaye wiski yake haikumwaibisha mteja alikuwa na thamani kubwa.

Mafuriko na mrithi

Mwaka 1833 Walker alimwoa Elizabeth Purves. Miongoni mwa watoto wao alikuwamo Alexander, aliyezaliwa mwaka 1837 na kupewa jina la babu yake. Biashara iliendelea kukua, hasa baada ya reli kufika Kilmarnock mwaka 1843 na kuuunganisha mji huo na Glasgow.

Lakini mwaka 1852 mafuriko makubwa yaliukumba mji huo. Maji yaliingia dukani na kuharibu bidhaa alizokuwa amezikusanya. Mtu aliyeanza maisha kwa kupoteza baba na shamba alijikuta, akiwa na umri wa karibu miaka 47, akipoteza akiba yake.

Kilichobaki kilikuwa ni jina lake. Wateja hawakumkimbia, na katika miaka michache duka lilisimama tena.

Mwanawe Alexander alikuwa amepelekwa Glasgow kujifunza kazi kwa mfanyabiashara wa chai. Huko alijifunza ufundi wa kuchanganya majani ya aina mbalimbali ili kikombe cha leo kisitofautiane na cha jana. Aliporejea Kilmarnock alileta ufundi huo katika duka la baba yake.

John Walker hakuishi kuona matunda yake. Alifariki dunia mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 52. Wakati huo wiski ilikuwa bado sehemu ndogo tu ya mapato ya duka, na jina lake lilikuwa halijulikani mbali na jimbo lake.

Chupa ambayo hakuiona

Miaka mitatu tu baada ya kifo chake, sheria ya mwaka 1860 iliruhusu wafanyabiashara kuchanganya wiski ya kimea na wiski ya nafaka nyingine ikiwa bado ghalani, kabla ya kulipiwa ushuru. Wiski ya nafaka ilikuwa laini na ya bei nafuu, na ilitokana na mtambo mpya ambao Aeneas Coffey aliupatia hataza mwaka 1830.

Sheria hiyo iliwafungulia mlango wauza maduka. Si Walker peke yake aliyetoka kaunta ya vyakula. Ndugu wawili wa ukoo wa Chivas walikuwa na duka Aberdeen, na George Ballantine alianzia Edinburgh. Watu waliozoea kuchanganya chai na viungo ndio walioifanya wiski ya Uskoti kuwa bidhaa ya dunia.

Alexander aliichangamkia fursa hiyo. Alianza kutumia chupa ya pembe nne, ambayo haikuvunjika kwa wingi safarini na iliwezesha chupa nyingi zaidi kuingia katika sanduku moja. Lebo aliibandika kwa mshazari, ili maandishi yawe makubwa na yaonekane kwa mbali. Aliwatumia manahodha wa meli kuisambaza wiski hiyo katika bandari za ng'ambo.

Alexander alifariki dunia mwaka 1889, na wanawe wakaendeleza kazi. Mwaka 1893 kampuni ilinunua kiwanda cha Cardhu, na kwa mara ya kwanza ukoo huo ukamiliki mtambo wa kukeneka. Mwaka 1908 mchoraji Tom Browne alimchora bwana anayetembea, na mwaka 1909 majina ya lebo nyekundu na lebo nyeusi yakaanza kutumika rasmi.

Mji wa Kilmarnock wenyewe haukubaki na biashara hiyo. Ilipotangazwa mwaka 2009 kwamba kiwanda cha kujaza chupa kingefungwa, maelfu ya wakazi waliandamana kupinga, lakini kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2012. Jina linaendelea kuzunguka dunia, ilhali mji uliolizaa umebaki na kumbukumbu.

Funzo kwa mnunuzi

Maisha ya Walker yanampa mnunuzi wa leo msaada wa kuchagua. Kile ambacho zamani kilitegemea neno la muuza duka sasa kinalindwa na sheria. Wiski haiwezi kuitwa ya Uskoti mpaka iwe imekenekwa huko, imekaa huko katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na ina kilevi kisichopungua asilimia 40.

Namba ya miaka inayoandikwa kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani. Chupa iliyoandikwa 12 haina tone lenye umri wa chini ya miaka 12. Namba kubwa huongeza bei, lakini haimaanishi kwamba ladha itampendeza kila mtu.

Wiski iliyochanganywa, ambayo ndiyo kazi ya akina Walker, hutengenezwa ili iwe tulivu na isiyobadilika, hivyo huwafaa watu ambao mtoaji hazijui vyema ladha wazipendazo. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja hubeba tabia ya mahali ilikotoka. Zile za kisiwa cha Islay, kwa mfano, nyingi zina moshi mzito ambao wengine huuhusudu na wengine hawauwezi. Hiyo ni zawadi ya mtu ambaye ladha yake inafahamika.

La msingi kuliko yote ni mahali pa kununulia. Chupa isiyo na stempu ya kodi, yenye kifuniko kilicholegea au inayouzwa kwa bei ya kutupa uchochoroni, humrudisha mnunuzi katika zama za mtungi na pipa, tena bila muuza duka mwaminifu wa kumtegemea. Pombe bandia huweza kupofusha na kuua.

Na kwa jamaa asiyetumia kilevi, kwa sababu ya imani au afya yake, chupa hiyo haimfai hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Duka la Walker lilikuwa na chai nzuri pia, na ni chai iliyomfundisha mwanawe kuchanganya wiski. Kwa jamaa huyo, zawadi ya heshima ipo kwenye rafu ya pili.