Mo Amin: Msee wa Nairobi Aliyeshtua Dunia na Kamera

Wewe picha ikitoka mbaya unafuta tu, unapiga ingine. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi 1943, hakuwa na hiyo bahati. Enzi zake ni filamu: roli moja picha 36, na hujui umepata nini hadi isafishwe. Tom Mboya alipopigwa risasi 1969, Mo alifika chap na kamera. 1984 akarekodi njaa ya Korem, Ethiopia. Mwaka uliofuata dunia ikachanga kupitia Live Aid. 1991 mlipuko Addis Ababa ukamtoa mkono wa kushoto. Jamaa akavaa wa bandia, akarudi job. Noma! Novemba 1996 akafa kwenye ndege iliyotekwa, ikaanguka baharini Comoro. Nikon D1, kamera ya dijitali iliyofanya magazeti mengi yaachane na filamu, ilitoka 1999.