Luigi Broglio, fundi aliyeifikisha Ngomeni angani kwa vyuma vya mitumba

Ukisimama ufukweni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ukaikabili Ghuba ya Ungwana, utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu mirefu. Wavuvi wetu huyapita na mashua zao, na watoto wa pale wamezaliwa wakayakuta. Wengi twajua kuwa ni ya Wataliano na kwamba palirushwa roketi. Wachache twamjua mtu aliyeyaleta, na wachache zaidi twajua kwamba majukwaa yale hayakuja mapya.

Mtu huyo ni Luigi Broglio. Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice, mji wa maji na mashua ambao mtu wa Lamu angeuelewa upesi. Alisomea uhandisi Roma, akawa mwalimu wa chuo kikuu, na akapanda cheo hadi jenerali katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la anga. Mchana alifundisha hesabu za mabawa na upepo. Lakini hamu yake hasa ilikuwa kutengeneza kitu, akijaribu, akaona kinafanya kazi ama hakifanyi.

Kufikia mwaka 1961, Warusi na Wamarekani walikuwa wakishindana angani kwa fedha zisizohesabika. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha setilaiti kwenye mzunguko wa dunia, wala pesa za kuiunda. Wengine wangekata tamaa. Broglio akafanya kama afanyavyo fundi asiye na mtaji: akatazama kilichopo kwa jirani, akauliza ni kipi kinaazimika, kisha nguvu zake zote akazitia kwenye kile kisichopatikana popote.

Roketi aliipata Marekani. Iliitwa Scout, ndogo kwa roketi za wakati ule, yenye fueli kavu. Wataliano walikwenda kufunzwa na shirika la NASA, na tarehe 15 Desemba 1964 wakairusha wenyewe setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops Island, Marekani.

Mahali pa kurushia alipachagua kwetu, na si kwa sababu ya fukwe nzuri. Dunia inapojizungusha, sehemu zilizo karibu na ikweta ndizo zinazokwenda kasi zaidi, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayoruka kutoka hapo huanza safari imeshasukumwa bure. Ngomeni iko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, kwa hivyo vipande vinavyoachwa njiani haviangukii nyumba ya mtu.

Majukwaa nayo yana hadithi yake. Moja, lililoitwa Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta baharini. La pili, San Marco, lilikuwa la jeshi la Marekani, nalo lilikuwa limeshatumika. Yakavutwa hadi Ngomeni, yakasimamishwa, yakaunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji: moja la kuongozea, jingine la kurushia. Mwanzoni mwa 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, roketi ndogo za majaribio zilianza kuruka kutoka Santa Rita.

Lakini alichokitunga mwenyewe ndicho kinachonipendeza zaidi. Wakati ule haikujulikana vizuri hewa ina uzito gani kule juu, mamia ya kilomita kutoka ardhini. Ni nyembamba mno, ila yatosha kuipunguza setilaiti mwendo hadi ianguke. Broglio akabuni mizani. Setilaiti yake ilikuwa na ganda jepesi la nje na kiini kizito ndani, vikishikanishwa na mikono inayonepa. Hewa ikilisukuma ganda, ganda husogea kidogo sana kutoka kwenye kiini, na msogeo huo ndio unaopimwa. Hapana siri ndani yake. Mtoto wa darasa la saba akichorewa ubaoni ataelewa. Ikaitwa mizani ya Broglio.

Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliruka kutoka Ngomeni ikiwa na mizani hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Mpaka mwaka 1988, setilaiti tisa zilikuwa zimeondoka pale. Maarufu zaidi ni ile ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ilipima miali ya eksirei inayotoka angani na kuorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vikawasaidia wataalamu kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Broglio alifariki tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Ngomeni sasa kina jina lake.

Na sisi je? Manung'uniko ya wakazi kwamba faida ya kituo haikuwafikia ni ya miaka mingi, na si ya bure. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya, na mwaka 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha Chuo Kikuu cha Nairobi kinachotosha kiganjani, iliachiwa angani. Hayo ni mazuri. Lakini kijana wa Ngomeni hana haja ya kungoja mkataba ndipo aanze.

Leo kuna kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa kwa kutazamia televisheni, ambacho mafundi wa kujifurahisha waligundua kinaweza kunasa mawimbi ya redio ya kila namna. Kwa kidude hicho, antena ya waya uliokunjwa nyumbani na programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote aruhusiwa kuzifungua, kuzisoma na kuzirekebisha, kijana anaweza kupokea picha ya mawingu moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti inayopita juu ya Malindi. Vijana wetu wanaofufua simu zilizokufa kwenye vibanda vya Kilifi na Mtwapa wana mikono hiyo tayari. Wanachokosa ni chumba, kompyuta moja kuukuu na mtu mzima wa kuwaambia kwamba huo si mchezo.

Shule zetu, madrasa zetu na viongozi wa wadi wanaweza kuvitoa hivyo vitatu. Broglio alikuja ufukweni mwetu na vyuma vya wenzake akatoka na jina. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na upwa wenyewe ni wetu.