Mfalme aliyeogopa kipaza sauti

Unajua vile mwalimu mgeni anaingia darasani na kusema kila mtu ajitambulishe? Kwa wengi hilo ni jambo la sekunde tatu. Kwa mwenye kigugumizi, ni safari ndefu. Zamu ikiwa bado watu watano mbali, moyo tayari unadunda. Na jina lako mwenyewe huwezi kulibadilisha ukatafuta neno rahisi.

Kama wewe ni mmoja wao, huenda umewahi kushuka steji nyingine kwa matatu kwa sababu jina la steji yako lilikataa kutoka. Huenda pia umenyamaza darasani na jibu unalo. Basi kaa hapa kidogo nikupe kisa cha mwanamume aliyekuwa na kila kitu, pesa, vyeo na kasri, lakini hakuwa na sentensi moja aliyoweza kuitamka kwa uhakika.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, Uingereza. Akaitwa Albert, na nyumbani wakamwita Bertie. Dunia ilikuja kumjua kama Mfalme George wa Sita.

Usidhani kuzaliwa kwa ukoo wa kifalme kulimwepushia shida. Bertie alikuwa mashoto, lakini akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia. Magoti yake yaligongana, kwa hivyo akafungwa vifaa vya kunyoosha miguu, ambavyo vilimuuma. Alipofika umri wa miaka minane hivi, kigugumizi kilikuwa kimeshika. Baba yake, mtu mkali asiye na subira, alikuwa akimhimiza ayatoe tu hayo maneno. Wewe unajua matokeo yake. Ukiharakishwa, ndipo unakwama kabisa.

Shuleni ikawa balaa. Inasimuliwa kwamba siku moja katika somo la hesabu aliulizwa nusu ya nusu ni ngapi. Jibu alilijua, ni robo, lakini neno hilo kwa Kiingereza huanza na sauti ya 'k', na hiyo ndiyo ilikuwa adui yake mkubwa. Akanyamaza, akaonekana hajui. Katika chuo cha wanamaji cha Osborne alimaliza akiwa wa mwisho darasani. Lakini akili alikuwa nayo, na ujasiri pia. Mwaka wa 1916, akiwa na miaka 20, alikuwa ndani ya manowari katika Vita vya Jutland, mizinga ikinguruma. Mizinga aliistahimili. Kilichomtisha ni kusimama mbele ya watu na kuongea.

Mwaka wa 1923 alimuoa Elizabeth Bowes-Lyon, aliyekuwa amemkataa awali. Mwishoni mwa 1924 wawili hao walitua Mombasa na kuzuru Kenya na Uganda. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 1925, alitakiwa kufunga maonyesho makubwa pale Wembley, London. Hotuba ile ilimtesa. Alikwama tena na tena huku umati ukimwangalia, naye akatoka pale amevunjika moyo.

Tayari alikuwa amewaona wataalamu kadhaa bila mafanikio. Ni mke wake aliyemsihi ajaribu mara moja zaidi. Ndipo Oktoba 1926 akaingia ofisi ya Lionel Logue katika barabara ya Harley. Logue alikuwa Mwaustralia, na wala hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuongea, na kwao Australia alikuwa amewasaidia wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa wamepoteza sauti.

Logue hakumpa dawa. Alimfunza kupumua kutoka chini ya kifua, kulegeza misuli na kufanya mazoezi kila siku bila kukosa. Alipitia hotuba zake, akaondoa maneno magumu na kuweka mengine, kisha akatia alama mahali pa kutua na kuvuta pumzi. Muhimu zaidi, alimhakikishia kwamba si yeye aliyeharibika, na kwamba jambo hilo lingeweza kufanyiwa kazi. Miezi michache baadaye, Mei 1927, Bertie alisimama Canberra, Australia, akafungua bunge jipya. Hotuba ikaenda vizuri.

Hapa ningependa kukuambia kwamba kigugumizi kiliisha. Hakikuisha, na hilo ndilo nataka ulishike.

Desemba 1936 kaka yake, Mfalme Edward wa Nane, aliacha kiti cha enzi ili amuoe mwanamke aliyekuwa ameachika. Kiti kikamwangukia Bertie, aliyekuwa hakitaki. Zama zenyewe zilikuwa za redio, na mfalme alitakiwa kusikika moja kwa moja. Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, ilibidi aongee na himaya nzima. Logue alikuwa naye chumbani. Aliongea polepole, akitua mara kwa mara, na ukisikiliza rekodi yake leo bado utaisikia ile mivutano. Lakini alifika mwisho wa hotuba. Ni mpaka Krismasi ya 1944 ndipo alihutubia redioni bila Logue kando yake, miaka 18 baada ya kukutana mara ya kwanza.

Ndiyo, huyu ndiye aliyekuwa mfalme wa wakoloni, enzi ambazo babu zetu walinyang'anywa ardhi na wengine kupelekwa kupigana hadi Burma. Hakuna anayekuomba usahau hayo. Lakini kigugumizi hakichagui. Huanza mara nyingi utotoni, huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na hakina uhusiano wowote na upungufu wa akili.

Alifariki usingizini tarehe 6 Februari 1952, akiwa na miaka 56. Usiku huo binti yake Elizabeth alikuwa hapa kwetu, katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri. Habari zilimfikia Sagana, na akaondoka Kenya akiwa malkia.

Sasa, kama una kigugumizi, chukua hili kutoka kwa Bertie: usingoje kipone ndipo uongee. Fanya mazoezi, tua unapohitaji kutua, na tafuta mtu mmoja anayekusikiliza bila kutazama saa. Ukiweza kumpata mtaalamu wa matamshi, nenda. Mwambie pia mwalimu au rafiki mapema kwamba una kigugumizi. Ukilisema wazi, ule mzigo wa kukificha unapungua.

Na kama huna kigugumizi, kazi yako ni rahisi zaidi. Usimmalizie mwenzako sentensi. Usimwambie atulie, maana ametulia kuliko unavyodhani. Usimuigize kwa klabu ya drama wala kwa grupu ya WhatsApp ili watu wacheke. Mtazame usoni kama kawaida, umngoje. Neno linakuja.