MAISHA YA GEORGES MÉLIÈS, MTU ALIYEFIKA MWEZINI MBELE YA WOTE



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya wakubwa wa vita, wa siasa na wa dini. Mara hii ninapenda kuwaeleza maisha ya mtu wa sinema. Wengi wetu tulipokuwa watoto tuliona filme za safari za angani: watu wanaingia ndani ya roketi, wanashuka katika dunia nyingine na kupigana na viumbe vya kule. Usiku hatukulala vizuri, lakini kesho yake tulifanya roketi kwa makopo na kucheza mchezo ule ule. Filme hizo zote zina babu mmoja. Jina lake Georges Méliès, Mfaransa. Maisha yake yana fundisho ambalo sisi wa darasa la sita tunapashwa kulisikia mbele ya kuacha masomo haya, nami nitalisema kisha kueleza habari yenyewe.

KUZALIWA NA MASOMO

Méliès alizaliwa Paris, mji mkubwa wa Ufaransa, tarehe 8 desemba 1861. Baba yake alianza kama fundi wa viatu tu, lakini alifanya kazi kwa nguvu mpaka akapata fabrike yake mwenyewe. Mama yake alikuwa Mholanzi, naye pia mtoto wa fundi wa viatu. Georges alikuwa na kaka wakubwa wawili, Henri na Gaston. Basi ilikuwa jamaa ya viatu toka mwanzo. Mushike neno hili la viatu, kwani litarudi mbele.

Masomoni alikuwa anachora. Alichora sura za watu katika makaye yake, hata pembeni ya mafundisho, na mara nyingi aliazibiwa juu ya hiyo. Sijui kama waalimu wetu watapenda niseme kwamba makaye yale yaliyoharibiwa ndiyo yalikuwa mwanzo wa kazi yake kubwa. Alipomaliza masomo alitaka kujifunza ufundi wa kuchora na kupaka rangi, lakini baba yake alikataa, akamwingiza ku fabrike. Pale aliwekwa kuangalia mashini na kuzitengeneza. Hakuipenda kazi hiyo, lakini mikono yake ilizoea vyuma, na ufundi huo ulimsaidia sana nyuma.

Mwaka wa 1884 alitumwa London, Uingereza. Huko, saa za jioni, alikwenda kutazama michezo ya kudanganya macho. Wandugu, hii si uchawi. Ni kazi ya vidole vyepesi, vioo, kamba na masanduku yenye sehemu za siri, na mtu anajifunza kama vile anavyojifunza useremala. Aliporudi Paris moyo wake haukuwa tena ku viatu. Mwaka wa 1888 baba yake aliacha kazi na kuwaachia watoto mali. Georges aliwauzia kaka zake sehemu yake, na kwa feza hizo akanunua nyumba ya michezo iliyoitwa Théâtre Robert-Houdin, kwa jina la bingwa mkubwa wa michezo ile aliyekufa mwaka wa 1871.

SINEMA INAZALIWA

Tarehe 28 desemba 1895, Méliès aliitwa pamoja na wageni wengine katika Grand Café kule Paris kutazama mashini mpya ya ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière. Kwanza walionyeshwa picha ya njia ya mji, imesimama kama picha yoyote. Méliès hakushangaa. Mara farasi ndani ya picha akaanza kutembea, na gari nyuma yake, na watu. Wote walikaa midomo wazi. Palepale Méliès alitaka kununua mashini ile kwa feza nyingi. Baba ya ndugu wale wawili alikataa kabisa.

Mwingine angekata tamaa na kurudi nyumbani. Méliès alivuka bahari tena mpaka London, akanunua mashini ya Mwingereza mmoja, Robert Paul, akaifungua, akajua ndani yake namna inavyofanya kazi, kisha akajitengenezea mashini ya kupigia picha. Hapo ndipo alikula matunda ya ile kazi ya fabrike aliyoichukia. Mwaka wa 1896 filme zake za kwanza zilikuwa tayari.

Yeye mwenyewe alieleza namna alivyopata siri yake kubwa. Siku moja alikuwa anapiga picha njiani, Place de l'Opéra, na mashini ikakwama kwa muda kidogo. Akaitengeneza, akaendelea. Alipoonyesha filme ile, aliona gari la abiria limegeuka mara moja kuwa gari la kupeleka maiti, na wanaume wamegeuka wanawake! Wakati mashini iliposimama, watu na magari walikuwa wamepita, na wengine wamechukua nafasi yao. Toka siku ile alifahamu kwamba kwa kusimamisha mashini mtu anaweza kupoteza kitu, kukirudisha ao kukigeuza.

Mwaka wa 1897 alijenga kule Montreuil, karibu na Paris, nyumba ya vioo ya metre 17 kwa 7, sababu kwa kupiga picha alihitaji mwangaza wa jua. Ndani ya nyumba hiyo alifanya kazi zote: aliandika hadisi, alichora milima na majumba juu ya vitambaa, aliongoza wachezaji, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa kwanza. Kwa miaka yote ya kazi yake alifanya filme zaidi ya 500. Nyingi zilikuwa fupi, za dakika moja tu ao mbili.

SAFARI YA MWEZINI

Filme inayojulikana kupita zote ni ile ya safari ya mwezini, Le Voyage dans la Lune, ya mwaka wa 1902. Ilichukua miezi mitatu na karibu franka 10.000, feza ya kutisha kwa wakati ule. Ina dakika 14 hivi. Mawazo yake mengine yalitoka katika vitabu vya Jules Verne, Mfaransa, na H. G. Wells, Mwingereza.

Habari yake ni hii. Wenye elimu ya nyota wanakutana, wanabishana, na sita wanakubali kusafiri. Wanaingia ndani ya risasi kubwa kama nyumba, na risasi inatupwa kwa kanoni ndefu. Mwezi unakaribia, unakuwa na uso wa mtu, na paf! risasi inaingia ndani ya jicho lake. Wasafiri wanalala, teluji inawaangukia, wanashuka ndani ya pango lenye uyoga mkubwa kama miti. Wenyeji wa mwezi wanatokea, wanaruka ruka. Ukimpiga mmoja kwa mwavuli anapasuka na kuwa moshi. Wasafiri wanakamatwa, wanapelekwa mbele ya mfalme, wanakimbia, wanarudi ndani ya risasi yao, inaanguka ndani ya bahari, na meli inawavuta mpaka bandarini.

Tunacheka leo kwa mambo hayo. Lakini tukumbuke kwamba mwaka wa 1902 hata ndege ya mashini ilikuwa haijaruka bado. Na mwezi wa saba wa 1969, miaka 67 kisha filme ile, Wamarekani watatu walisafiri mpaka mwezini, wawili wakakanyaga udongo wake, na waliporudi chombo chao kilianguka ndani ya bahari, na meli ilikuwa inawangojea.

Wakati ule filme haikuwa na rangi. Kwa wateja waliolipa zaidi, wanawake wa karakana ya bibi mmoja wa Paris, Élisabeth Thuillier, walipaka rangi kwa burashi ndogo, picha moja moja. Filme ya safari ya mwezini ina picha zaidi ya 13.000. Yule anayenungunika kwa kunakili kurasa mbili za historia, afikiri kidogo kazi ya mama hawa.

WEZI, DENI NA VITA

Filme ilipendwa Ulaya na Marekani. Lakini kule Marekani watu waliinakili bila ruhusa, wakaiuza na kuionyesha, hata watu wa Thomas Edison, yule mkubwa wa umeme tunayemsoma ku fizike. Mwenye kuifanya alipata kidogo sana. Alimtuma kaka yake Gaston New York kulinda mali, na ofisi ikafunguliwa kule mwaka wa 1903, lakini mingi ilikuwa imekwisha potea.

Tena wakati ulibadilika. Makampuni makubwa yalikuja, yalitoa filme nyingi kila juma, na watu walianza kupenda namna nyingine za hadisi. Méliès alibaki na namna yake ile ile, na mikono yake miwili. Alipata deni. Filme yake kubwa ya kwenda ncha ya dunia, ya 1912, haikurudisha feza. Mwaka wa 1913 aliacha kabisa kufanya filme, na mwaka ule ule bibi yake Eugénie alikufa.

Mwaka wa 1914 vita ilianza. Jeshi lilichukua mamia ya filme zake juu ya vitu vilivyokuwa ndani yake, zikayeyushwa. Inaelezwa kwamba sehemu yake ilifanywa visigino vya viatu vya maaskari. Muone mambo ya dunia: mtu aliyekimbia viatu vya baba yake apate kufanya sinema, sinema yake ikageuzwa viatu!

Mwaka wa 1923 nyumba yake ya michezo ya Paris ilibomolewa kusudi njia kubwa ipite, na mali ya Montreuil iliuzwa juu ya deni. Hapa naona ndipo pabaya kupita pote. Kulibaki masanduku ya filme za asili. Hakuwa tena na mahali pa kuziweka, hakuna aliyezitaka, na moyo wake ulikuwa umejaa uchungu. Alizichoma, mikono yake mwenyewe.

DUKA DOGO NA WATOTO WA ZAMANI

Mwaka wa 1925 alioa tena, akamwoa Jehanne d'Alcy, mwanamke aliyecheza katika filme zake tangu 1896. Huyu alikuwa na duka dogo la bombo na vitu vya watoto vya kuchezea ndani ya gare Montparnasse, Paris. Wakauza pamoja, kila siku, kwa baridi na kwa joto. Wasafiri walipita mbele ya mzee yule mwenye ndevu nyeupe, wakanunua bombo kwa watoto wao, wakakimbilia gari la moshi. Wengi hawakujua kama yeye ndiye aliyepiga jicho la mwezi.

Nani aliyemkumbuka basi? Ni watoto wa zamani. Wale walioona filme zake walipokuwa wadogo walikuwa sasa watu wazima, wengine waandishi wa magazeti, wengine watu wa sinema. Wakaanza kuuliza mtu yule yuko wapi, wakamkuta ku duka lake, wakaandika habari zake. Hata baazi ya filme zilipatikana katika akiba ya duka kubwa la Dufayel, lililokuwa na chumba cha kuonyesha sinema kwa watoto wakati wazazi walipokuwa wananunua. Tarehe 16 desemba 1929 walimfanyia sikukuu katika Salle Pleyel, Paris, na filme zake zikaonyeshwa tena mbele ya watu wengi. Mwaka wa 1931 alipewa nishani ya heshima ya Ufaransa, Légion d'honneur, na aliyemvalisha ni Louis Lumière, mtoto wa yule aliyekataa kumuuzia mashini.

Mwaka wa 1932 alipewa makao kule Orly, katika nyumba ya wazee wa kazi ya sinema, pamoja na bibi yake na mjukuu wake mdogo Madeleine. Alikufa Paris tarehe 21 januari 1938, na kaburi lake liko Père-Lachaise.

Madeleine alikuwa mtoto wa miaka 14 tu. Lakini yote aliyosikia kwa babu yake aliyashika, na alipokuwa mkubwa alitembea katika inchi nyingi akitafuta filme moja moja, ku masanduku ya watu na ku nyumba za akiba. Alifanya kazi hiyo miaka mingi. Alikufa mwaka wa 2018. Kwa juhudi yake na ya wengine, filme zaidi ya 200 zimepatikana. Mwaka wa 1993 nakala yenye rangi ya safari ya mwezini ilitokea Barcelona, Hispania, imeshikamana kama kipande cha ubao. Iliachanishwa polepole kwa miaka, ikatengenezwa, na mwaka wa 2011 ilionyeshwa Cannes mbele ya watu wa sinema wa dunia nzima.

NENO KWETU

Wandugu wa darasa la sita, mnajua desturi ya wengine kisha egzamen ya Serikali: kupasua makaye na kuyachoma moto kwa furaha. Méliès alichoma kwa uchungu, si kwa furaha, lakini moto ni mmoja. Alifikiri kwamba kama watu wa siku ile hawataki kazi yake, basi hakuna atakayeitaka. Kumbe wenye kuitaka walikuwako, lakini walikuwa bado watoto, wamekaa chini mbele ya kitambaa cheupe, midomo wazi. Wangekuja nyuma.

Wadogo wetu wa darasa la kwanza na la pili wako hapa, na wengi hawana hata kitabu kimoja cha hesabu. Mbele ya kuwasha kiberiti, muulize kwanza kama kuna mmoja anayehitaji kaye lako. Mimi nimekwisha kumwomba mwalimu wa biblioteki kabati moja, naye amekubali. Yatapokelewa kila siku ya posho kisha chakula cha midi, na jina la mwenye kaye litaandikwa juu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita