Henry Kloss

Henry Kloss (21 Februari 1929 – 31 Januari 2002) alikuwa mbunifu wa vyombo vya sauti na mfanyabiashara kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kazi yake ya kueneza spika za sanduku lililofungwa, mtindo ambao bado unafuatwa katika sabufa nyingi za sinema ya nyumbani, na kwa kuleta sokoni projekta ya televisheni ya rangi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1972. Alishiriki kuanzisha makampuni matano katika maisha yake. Hakuna hata moja alilodumu nalo hadi mwisho.

Maisha ya awali

Kloss alizaliwa Altoona katika jimbo la Pennsylvania, mji uliokua kutokana na karakana za reli. Baada ya shule alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) kusomea fizikia, lakini hakumaliza shahada. Akiwa bado mwanafunzi alinunua vifaa vya useremala na kuanza kutengeneza masanduku ya spika ndogo iliyobuniwa na Jordan Baruch na Henry Lang hapo hapo MIT. Sanduku lake lilikuwa la kuwekwa kwenye pembe ya chumba, nalo likauzwa kwa wanunuzi walioagiza kwa posta. Kwa hiyo aliingia katika fani ya sauti kwa mlango wa karakana ya mbao, na alama ya useremala ilibaki katika kila alichokibuni baadaye: alijali gharama ya kila ubao na kila gundi.

Wakati wa vita ya Korea aliitwa jeshini na kupangiwa kazi New Jersey. Kwa kuwa New York ilikuwa karibu, alihudhuria masomo ya jioni ya Chuo Kikuu cha New York juu ya utoaji wa sauti. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Edgar Villchur.

Acoustic Research na sanduku lililofungwa

Villchur (1917–2011) alikuwa na wazo ambalo watengenezaji waliokwisha kuwa na majina hawakulipokea. Wakati huo mtu aliyetaka besi nzito nyumbani alihitaji sanduku kubwa kama jokofu. Koni ya spika ilishikiliwa na ukingo mgumu uliofanya kazi kama springi, na springi hiyo, ikivutwa mbali, haikurudi kwa usawa. Sauti ikachafuka. Villchur alilegeza ukingo huo hadi ukawa karibu hauna nguvu, kisha akaifunga koni katika sanduku dogo lisilopitisha hewa. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo ikawa springi.

Anayetaka kuelewa jambo hili achukue pampu ya baiskeli, azibe tundu kwa kidole na kusukuma mpini. Ataona unarudishwa. Hewa inasukuma na kurudisha kwa usawa zaidi kuliko karatasi au kitambaa kilichokunjwa, ilimradi mwendo usiwe mkubwa mno ukilinganishwa na ujazo wa sanduku. Kwa sababu hiyo besi ya spika ya Villchur ilikuwa safi, na sanduku lilikuwa dogo kuliko yale yaliyozoeleka.

Kloss alielewa mara moja, na alikuwa na kitu ambacho mwalimu wake hakuwa nacho: karakana. Mwaka 1954 wawili hao walianzisha kampuni ya Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts. Bidhaa yao ya kwanza, AR-1, ilikuwa na spika ya besi ya inchi 12 na iliuzwa kwa dola 185. Villchur alipewa hataza ya Marekani mwaka 1956. Kuhusu nani alistahili sifa, kumbukumbu ziko wazi: wazo lilikuwa la Villchur, na Kloss ndiye aliyelifanya liweze kutengenezwa kiwandani. Makala nyingi fupi humpa Kloss yote mawili, jambo ambalo si haki kwa mwalimu wake.

Ushirikiano huo haukudumu. Mwaka 1957 Kloss aliondoka pamoja na Malcolm Low na J. Anton Hofmann, mtoto wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann.

KLH na kanuni ya Hofmann

Herufi za kwanza za majina yao watatu ndizo zilizounda jina KLH. Kampuni mpya ilitumia mbinu ile ile ya sanduku lililofungwa, ikiilipa Acoustic Research kwa haki ya hataza. Mwaka 1960 ilitoa redio ya mezani ya FM, Model Eight, na mwaka 1962 ikatoa Model Eleven, mashine ya santuri yenye transista iliyofungwa kama sanduku la safari.

Hata hivyo mchango wa KLH ambao kila mjenzi wa sabufa hukutana nao, hata asipolijua jina, ni kanuni ya Hofmann. Kanuni hiyo inasema kwamba mtengenezaji anataka vitu vitatu: besi inayoshuka chini sana, sanduku dogo, na spika inayotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Anaweza kupata viwili tu. Kwa hesabu, ufanisi unafuata ujazo wa sanduku ukizidishwa na kipeo cha tatu cha mrudio wa chini kabisa ambao spika inaufikia. Anayetaka kushuka kutoka hezi 40 hadi hezi 20 bila kupoteza ufanisi atahitaji sanduku lenye ujazo mara 8. Sanduku la lita 50 linakuwa la lita 400, yaani karibu mapipa mawili ya mafuta.

Kloss na wenzake walichagua sanduku dogo na besi ya chini, wakaacha ufanisi upotee. Ndiyo maana spika zao zilihitaji amplifaya zenye nguvu kuliko zilizokuwa zimezoeleka. Uchaguzi huo ungekuwa na gharama ndogo zaidi kadiri transista zilivyoshusha bei ya wati moja.

Mwaka 1964 KLH iliuzwa kwa kampuni ya Singer, ile ile ya vyerehani. Kloss alibaki hadi 1967.

Advent

Mwaka huo wa 1967 alianzisha Advent akiwa na lengo moja: picha ya televisheni kubwa kama ya sinema, ukutani mwa nyumba ya mtu wa kawaida. Fedha za kufanyia majaribio hakuwa nazo. Akatengeneza spika ili izilipie. Spika hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, nayo ilikuwa ya sanduku lililofungwa, na ilikusudiwa kutoa besi ya spika ghali kwa bei ya chini sana. Iliuzwa kwa wingi kuliko alivyotarajia.

Kazi nyingine ya kipindi hiki ni ya kaseti. Kaseti ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya kurekodi maneno, si muziki, na mvumo wake ulisikika juu ya kila kitu. Tangu siku za KLH, Kloss alikuwa amemshawishi Ray Dolby atengeneze aina rahisi ya mfumo wake wa kupunguza mvumo kwa matumizi ya nyumbani. Mwaka 1971 Advent ilitoa Model 201, mashine iliyounganisha mfumo huo na kanda za kromiamu. Kuanzia hapo kaseti ilianza kuchukuliwa kuwa chombo cha muziki.

Mwaka 1972 lengo la awali lilitimia. VideoBeam 1000 ilikuwa na mirija mitatu iliyorusha rangi nyekundu, kijani na bluu kwenye skrini maalumu yenye ulalo wa futi 7. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa ghali kuitengeneza na ghali kuinunua, na faida za spika zikaliwa na televisheni. Wawekezaji walichukua usukani na Kloss akaondoka katika kampuni aliyoianzisha. Advent ilifilisika mwaka 1981. Ni vigumu kusema kosa lilikuwa la nani. Kloss alikuwa fundi asiyependa vikao, na mara nyingi aliona bidhaa iliyokamilika kuwa jambo lililokwisha.

Miaka ya baadaye

Kloss alianzisha Kloss Video Corporation kuendeleza projekta, akiwa na mrija wa aina yake wenye kioo cha kuakisi ndani yake. Projekta za kampuni hiyo ziliitwa Novabeam.

Mwaka 1988 alirudi kwenye sauti kwa kuanzisha Cambridge SoundWorks pamoja na Tom DeVesto. Kampuni iliuza moja kwa moja kwa mnunuzi kwa simu na posta, kama Kloss alivyofanya akiwa mwanafunzi. Bidhaa ya kwanza, Ensemble, iligawanya spika: visanduku viwili vidogo vya sauti za kati na za juu viliwekwa mahali pa kuonekana, na masanduku mawili yaliyofungwa ya besi yakafichwa chini ya kochi au nyuma ya pazia. Hili linawezekana kwa sababu sikio halitambui vizuri upande ambako besi ya chini inatoka. Mpangilio huo ndio unaotumika katika seti za sinema ya nyumbani hadi leo.

Mwaka 1997 Cambridge SoundWorks ilinunuliwa na Creative Technology ya Singapore. Kazi yake ya mwisho iliyojulikana sana ilikuwa redio ya mezani Model One, iliyotolewa mwaka 2000 na Tivoli Audio, kampuni ya DeVesto. Kloss alifariki Cambridge, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 72.

Sanduku lililofungwa katika sinema ya nyumbani

Sauti ya filamu ya leo ina mkondo maalumu wa besi unaofika hadi hezi 120, uliorekodiwa ili uweze kutoka kwa desibeli 10 zaidi ya mikondo mingine. Hapo ndipo kanuni ya Hofmann inapouma. Kila unaposhuka nusu ya mrudio, koni lazima isogee mara 4 ili kutoa sauti ile ile. Kuongeza desibeli 3 kunadai wati mara 2, na kuongeza desibeli 10 kunadai wati mara 10. Spika inayosikika vizuri kwa wati 50 inahitaji wati 500 kwa mlipuko wa ziada ya desibeli 10.

Sanduku lenye tundu husaidia karibu na mrudio liliporekebishwa, lakini chini ya hapo sauti inaanguka haraka na koni inakosa hewa ya kuizuia. Katika sanduku lililofungwa sauti hupungua polepole zaidi, na chumba chenyewe huongeza nguvu za chini na kufidia sehemu ya upungufu huo. Wajenzi wa sabufa kubwa zilizofungwa hutumia koni za inchi 15 au 18, amplifaya ya transista, na marekebisho ya umeme yanayoinua mirudio ya chini. Ni njia ile ile ya Kloss ikiwa na wati nyingi.

Ujenzi wenyewe ni wa seremala. Maungio yote hutiwa gundi pasipo kuacha upenyo, kuta kubwa hukazwa kwa mihimili ya ndani, na sanduku hujazwa nyuzi laini zinazofanya hewa iwe kama ya sanduku kubwa kidogo. Fundi hujaribu kwa kusukuma koni polepole kwa mkono: ikirudi upesi kama haikuzuiliwa na kitu, hewa inavuja. Pwani kama Tanga, plaiwudi ni salama kuliko mbao za vumbi lililogandishwa, ambazo huvimba zikipata unyevu.

Pwani ya Afrika Mashariki

Tanga ni mfano mzuri wa mahali ambapo suala la besi lilikuwa hai wakati Kloss akifanya kazi. Vikundi vya taarabu vya mji huo, Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star, viliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi katika muziki uliokuwa wa udi, fidla na ngoma. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unatoa sauti ya hezi 41 hivi. Redio ndogo za nyumbani hazikuweza kufika huko. Msikilizaji alipata kivuli cha noti, na aliyetaka kuisikia yenyewe alikwenda ukumbini.

Kaseti iliyoboreshwa kwa kazi ya watu kama Kloss na Dolby ilikuwa na athari ya moja kwa moja zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 taarabu ya pwani ilisafiri kwa kaseti zilizonakiliwa madukani kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, ingawa nyingi zilipigwa kwenye mashine zisizo na mfumo wa Dolby, na mvumo ukabaki pale pale.

Televisheni ya ukutani ilichelewa. VideoBeam ilipotoka mwaka 1972 Tanzania bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni, na haikupata hadi mwaka 1994. Filamu zilitazamwa katika majumba ya sinema, na spika kubwa zilikuwa nyuma ya pazia la skrini.