Ibn Majid, Mwalimu wa Bahari Aliyesingiziwa

Katika historia ya bahari yetu yapo majina mawili yanayoandamana kama tanga na mlingoti: Vasco da Gama, Mreno, na Ahmad ibn Majid, Mwarabu wa Julfar. Wengi wetu tulifunzwa shuleni kwamba huyu wa pili ndiye aliyemwonyesha wa kwanza njia ya Bara Hindi, na wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi nasema mtu huyu amesingiziwa, na kwa sababu ya singizio hilo tumeisahau kazi yake ya kweli, yaani elimu ya pepo na mawimbi.

Julfar ilikuwa bandari ya Ghuba, karibu na Ras al-Khaimah ya sasa. Huko alizaliwa katika karne ya 15. Babu yake na baba yake walikuwa walimu wa bahari, na baba alitunga shairi refu juu ya njia za Bahari ya Shamu. Msomaji asidhani kuwa mwalimu hapa ni yule wa chuoni. Nahodha alikuwa mkuu wa chombo na watu wake, bali mwalimu ndiye aliyeijua njia. Alishika dira, akapima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na kipimo chake kilikuwa upana wa kidole. Kila chombo kikienda kusini, nyota ya kaskazini ilizidi kushuka majini mpaka ikapotea, na hapo mwalimu alitafuta nyota nyingine za kumwongoza.

Mwaka 1462 Ibn Majid alikamilisha utenzi mrefu juu ya elimu hiyo. Mnamo 1490 akatoa kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid, kilichokusanya habari za dira, nyota, bandari na dalili za nchi kavu, kama vile ndege, rangi ya maji na nyoka wa baharini. Alitunga pia shairi juu ya kuijua kibla, na jingine juu ya njia ya mwambao wetu mpaka Sofala. Hakuwa mnyenyekevu sana: aliwataja mabingwa watatu wa kale kuwa simba wa bahari, kisha akajihesabu yeye kuwa wa nne.

Lakini lililomshughulisha zaidi ni msimu. Alihesabu siku za safari tangu Nairuzi, kama wazee wetu walivyohesabu miongo, na akafundisha ni siku zipi za kung'oa nanga na zipi za kukaa bandarini. Kusi likifikia ukali wake, bandari za magharibi ya Bara Hindi zilikuwa zikifungwa, kwa kuwa mawimbi yaliyopasuka ufukoni yangevunja chombo chochote. Asiyengoja alikuwa anacheza na roho za watu.

Sisi watu wa pwani tunaoishi Thika na Ruiru twalijua kusi hilo kwa sura nyingine. Mwezi wa Julai huku jua halionekani siku nyingi. Ni mawingu mazito, manyunyu na makoti. Mwenyeji wa Ruiru akiniuliza baridi hii yatoka wapi, humjibu kuwa yatoka kwetu. Kusi huchukua unyevu wa bahari, huupandisha nyanda za juu, na katika kimo cha zaidi ya mita 1,500 unyevu huo hupoa ukawa mawingu. Wakati huo huo kwetu mawimbi yanapiga mwamba kwa kishindo na wavuvi wamepandisha ngalawa zao.

Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa, John Findlater, alionyesha kwamba upepo huo ni kama mto wa hewa unaopita juu ya mashariki ya Kenya, ukaingia Somalia na kuvuka bahari mpaka Bara Hindi. Karibu na Ras Hafun na pwani ya Dhofar husukuma maji ya juu yaende mbali, na maji ya kilindini hupanda mahali pake, baridi hata chini ya digrii 20, huku ukungu ukifunika milima ya Salalah.

Mvua inayonyesha huku bara haipotei. Maji ya mto Thika huingia Tana na kutokea Kipini. Ya mto Ruiru hufika Athi, ambao ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukaipaka bahari ya Malindi rangi ya udongo.

Na ni Malindi hiyo ambako Vasco da Gama alipewa rubani. Aling'oa nanga tarehe 24 Aprili, 1498, kusi likianza, na tarehe 20 Mei akawa Calicut. Waandishi wa Kireno wenyewe walimtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarat. Jina la Ibn Majid liliingizwa na mwandishi wa Makka, al-Nahrawali, zaidi ya miaka 70 baadaye, tena akadai kwamba alileweshwa ndipo akaitoa siri. Siri gani? Kila mwalimu aliyetia nanga Malindi aliijua njia ile na msimu wake. Na Ibn Majid, aliyekwisha kuwa bingwa mwaka 1462, wakati huo alikuwa mzee.

Tena tazama marejeo. Mreno aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, kaskazi bado, na kutoka visiwa vya pwani ya Hindi alitangatanga karibu miezi mitatu baharini. Kiseyeye kikawaua watu wake wengi, na chombo kimoja akakichoma moto kwa kukosa mabaharia. Alipewa njia, hakupewa elimu.

Elimu yenyewe ilibaki katika miswada. Ile ya Paris ilisomwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, na shairi la Sofala, lililohifadhiwa Leningrad, likachapishwa na Shumovskii mwaka 1957. Humo ndimo tumtafute Ibn Majid. Mtu aliyetumia umri wake kuwaepusha mabaharia na bahari chafu hastahili kukumbukwa kwa safari moja, tena isiyokuwa yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.