Jerome na Mtango wa Yona

Jerome alikuwa bado kijana alipokwenda kuishi jangwani huko Shamu. Vitabu vya Kilatini vya kipagani vilikuwa vimemvuta sana, hata lugha ya manabii ilimchosha. Ili aitulize akili yake, akaanza kujifunza Kiebrania kwa Myahudi aliyeongoka. Sauti zile za kooni zilimshinda. Mara nyingi aliacha, kisha akarudi tena.

Mwaka 382 Damasus, askofu wa Roma, alimtaka asahihishe Injili za Kilatini kwa kuzilinganisha na Kiyunani, maana nakala zilitofautiana. Mwaka 386 alihamia Bethlehemu. Ingawa sasa alikuwa mwalimu mwenye jina, alimlipa Myahudi amfundishe, naye alikuja usiku kwa kuwaogopa watu wake. Agano la Kale la makanisani lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kiyunani. Jerome alitaka kuanzia kwenye Kiebrania chenyewe.

Wengi walichukizwa. Huko Oea, mji ambao leo ni Tripoli nchini Libya, askofu alisoma tafsiri mpya ya Yona (soma Yona 4:6), na mmea uliomtilia nabii kivuli haukuwa mtango tena. Waumini wakapiga kelele. Wayahudi wa mjini walipoulizwa, wakaunga mkono neno la zamani, na askofu nusura abaki bila kundi. Augustino alimwandikia Jerome habari hizo. Jerome alijibu kwa ukali (upole haukuwa karama yake), akaueleza mmea wenyewe na jina lake la Kiebrania.

Agano la Kale alilimaliza yapata mwaka 405. Alipofariki, mwaka 420, ufafanuzi wake wa Yeremia ulikuwa haujaisha.